Murielle Akataa Kusaini

Murielle alikuwa hodari wa povu. Alifanya kazi Johannesburg, katika mkahawa wa kampuni kubwa yenye matawi mji mzima. Hakuna mwenzake aliyemshinda kuchemsha maziwa hadi yatoe povu laini. Asubuhi foleni ilifika mlangoni. Murielle alisimama mbele ya mashine, mikono ikienda, moyo ukiomba: "Bwana, nishike mkono."

Lakini koki ya mvuke ya mashine ile ilikuwa imelegea. Kwa wiki tatu Murielle alimwambia meneja. Kwa wiki tatu meneja aliizungushia utepe na kusema, "Sharp, sharp, usijali, fundi anakuja." Fundi hakuja.

Jumanne moja, saa tano, koki ilichomoka. Mvuke ukamwunguza Murielle mkono wa kulia. Akapiga ukelele. Jagi la maziwa likaanguka.

Meneja alikuja mbio. Hakutazama mkono. Alitazama ubao wa ukutani, ulioandikwa: SIKU 212 BILA AJALI. Kila tawi lilikuwa na ubao kama huo. Tawi lenye siku nyingi kuliko yote hupewa kombe.

"Eish, Murielle! Zimebaki wiki mbili tu kombe litolewe," alisema. "Nenda nyumbani. Kesho uniletee hii, umesaini."

Akampa karatasi. Ilisema kwamba Murielle aliungua kwake, akipika.

Murielle alirudi nyumbani, mtaa wa Bellevue, kwa teksi, machozi yakimtoka. Mume wake, Gustave, alikuwa akishona suruali ya mteja.

"Mama Glody! Mon Dieu!"

Gustave alichukua mafuta ya upako kutoka kanisani. Akaomba, akampaka. Juu yake akapaka dawa ya meno, kama mama yake alivyofanya kwao Bukavu, Kongo. Mkono ukazidi kuwaka.

Mayasa, jirani wa chumba cha pili, alisikia kilio. Alikuwa Mtanzania, mtu wa Tanga. Alifua nguo katika hoteli, na wenzake walikuwa wamemchagua kuwa mwakilishi wa usalama kazini. Alisomea huduma ya kwanza.

"Hodi! Nani anachinjwa humu?" Aliingia, akaona mkono. "Baba Glody, dawa ya meno? Mkono huu una meno?"

"Chini yake kuna mafuta ya upako," Gustave alisema, amenuna. "Tumeomba."

"Kuomba mmefanya vyema, nami naitikia amina. Lakini mafuta hufungia joto ndani ya ngozi. Na maji je, aliyaumba nani?"

Gustave akaenda kufungua bomba.

Mayasa alimvua Murielle bangili kabla mkono haujavimba zaidi. Akamwosha taratibu, kisha akauweka mkono chini ya bomba.

"Maji ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini," alisema. "Hata saa moja ikiwa imepita, bado yanasaidia. Barafu usiweke. Malengelenge usipasue. Halafu tunafunika kwa kitambaa safi, tunakwenda kliniki."

Maji yalipokuwa yakitiririka, Mayasa aliisoma ile karatasi. Uso wake ukabadilika.

"Mdogo wangu, usisaini. Ajali ya kazini huandikwa kazini. Mwajiri anatakiwa aitolee taarifa ndani ya siku saba. Kuna mfuko wa fidia unaogharamia matibabu. Ukisaini uongo huu, kidonda kikiharibika utabaki nacho peke yako."

"Hata sisi wageni, yaya, dada yangu?" Murielle aliuliza.

"Sheria inauliza umeajiriwa au hujaajiriwa. Haiulizi ulizaliwa wapi."

"Na wakimfukuza?" Gustave aliuliza. "Tutakula nini?"

"Wakimfukuza kwa kusema kweli, ipo tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Nitampeleka mimi mwenyewe."

Murielle aliutazama mkono wake chini ya maji. Kisha akasema, "Kila Jumapili ninawafundisha watoto kwamba Mungu amesema, usishuhudie uongo. Nitashuhudiaje uongo juu ya mkono wangu mwenyewe?"

Huko kliniki alimweleza muuguzi ukweli, na muuguzi akauandika.

Kesho yake Murielle aliingia kazini, mkono umefungwa bandeji nyeupe. Aliweka karatasi mezani, pamoja na barua ya kliniki.

"Hujasaini," meneja alisema.

"Sisaini. Jiko langu halikuniunguza. Kwa nini nilisingizie?"

"Na kombe letu?"

"Kombe halina ngozi. Naomba kitabu cha ajali."

Wafanyakazi wenzake waliacha vikombe. Wakasogea karibu. Meneja alikitoa kitabu, akaandika upesi upesi, akakisukuma mbele. Murielle alisoma mstari kwa mstari.

"Umeandika 'uzembe wa mfanyakazi.' Futa. Andika kwamba koki ililegea wiki tatu na uliambiwa."

"Wewe mkaidi sana!"

"Ndiyo. Andika."

Meneja aliandika. Hapo ndipo Murielle aliposaini, kwa mkono wa kushoto. Taarifa ilipelekwa siku hiyohiyo. Mashine ilipata koki mpya, na matibabu ya Murielle yaligharamiwa na mfuko wa fidia. Baada ya wiki tatu alirudi kwenye povu lake.

Mwezi uliofuata, mashine ya pili ilianza kutema mvuke. Ilikuwa asubuhi, foleni imejaa. Binti mmoja aliyeanza kazi juzi tu aliizima.

"Nani amezima mashine?" meneja alifoka.

"Mimi," alisema yule binti.

"Na mimi," alisema Murielle.

"Na mimi," alisema mwosha vikombe kutoka nyuma. Mwingine akafuata, na mwingine.

Wateja walingoja. Meneja aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akachukua simu, akampigia fundi.