Mikletwait wa Okolona

Maiti ilikuwa imelala kwa ubavu ndani ya gereji, goti la juu limekunjwa, taulo limewekwa chini ya kichwa. Damu ilikuwa imelowesha taulo lote na kutambaa sakafuni hadi kwenye gurudumu la gari.

"Kapigwa mara mbili kisogoni," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti bila kuinua uso. "Silaha ni ule wenzo wa jeki. Umepanguswa. Hakufa papo hapo."

"Na hili taulo?"

"Muuaji ndiye aliyeliweka. Alimpiga, kisha akamgeuza ubavu ili asipaliwe na damu. Miaka yote hii kazini sijaona kitu kama hicho."

Mpelelezi Jemimah Nafula wa polisi wa Louisville hakuwa amekiona pia. Alizaliwa Bungoma, akaja Kentucky kusomea sayansi ya jinai, akabaki. Kesi za watu wanaosema Kiswahili zilitupwa mezani kwake zote, na watu hao hawakumpenda hata kidogo kwa sababu hiyo.

Marehemu aliitwa Elie Mikletwait, Mkongo, mpakiaji wa mizigo katika ghala moja pale Okolona, kusini mwa Louisville. Mlango haukuvunjwa. Simu na pochi vilikuwa mahali pake. Jikoni kulikuwa na sahani mbili zenye mabaki ya ugali na dagaa, na glasi mbili. Mgeni alikaribishwa, akala, ndipo akaua. Kwenye glasi moja palikuwa na alama za vidole ambazo hazikupatikana katika kumbukumbu za polisi.

Mke wa marehemu, Sandrine, ndiye aliyeikuta maiti asubuhi aliporudi kutoka shifti. Nafula alimkuta kwa jirani, amekaa na binti yake, bado amevaa fulana ya kazini.

"Pole sana, Mama Josiane. Naomba tuongee kidogo."

"We ni Mukenya."

"Ndiyo."

"Polisi, tena Mukenya. Bon. Uliza."

"Jana jioni nani alikuja kumtembelea?"

"Sijue. Mi nilikuwa kazi. Mutoto alilala hapa kwa jirani."

"Ndugu zake wako wapi?"

"Haiko na ndugu. Bote balikufa mu vita. Aliniambia ivyo ile siku tulijuana, hapa hapa Louisville. Hakurudilia tena."

"Alikuwa na maadui?"

Sandrine alicheka, cheko baya. "Iko muzungu moja, muzee. Anamuandikia matusi mu telefone juu ya jina. Anasema Mikletwait ni jina yabo, sisi tuliiba. Muende kumufunga yeye, muache kunikalia."

Nafula alimgeukia mtoto. "Josiane, baba aliwahi kukwambia jina lenu limetoka wapi?"

Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba baba hakupenda mtu aulize. Sandrine akamkamata bega kwa nguvu, na mazungumzo yakaishia hapo.

*

Harlan Micklethwaite aliishi mashariki ya jiji, katika nyumba ya matofali iliyofyekewa majani vizuri. Hakumkaribisha mpelelezi ndani. Waliongea barazani, yeye amekaa, Nafula amesimama.

"Ulimwandikia, 'Vua jina letu kabla hujavuliwa.' Hicho ni kitisho."

"Ni ushauri."

"Mtu amekufa."

"Nimesikia. Jana mchana hadi usiku nilikuwa hospitali nikisafishwa damu, figo zangu hazifanyi kazi. Nenda kaulize."

Nafula alikuwa ameshauliza, na ilikuwa kweli.

"Basi nieleze. Hilo jina lina nini hata umtukane mtu usiyemjua?"

Kwa mara ya kwanza uso wa mzee ulichangamka. "Limetoka Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Watu wa Skandinavia walihamia kule zaidi ya miaka elfu iliyopita, wakafyeka misitu wapate pa kulima. Mahali palipofyekwa waliita thveit. Mikill ni kubwa. Palipofyekwa Pakubwa. Mtu akitoka kijiji kile, anaitwa jina la kijiji. Sisi si wengi. Nimetumia maisha yangu kututafuta, mmoja mmoja."

Aligeuza kompyuta yake. Ramani ya dunia ilikuwa na vidoa vya buluu: vimesongamana Uingereza, vichache Kanada na Australia, vingine vimetawanyika Marekani. Halafu kulikuwa na vidoa vitatu vyekundu. Kimoja Louisville, kimoja Columbus, kimoja Buffalo.

"Vyekundu ni nini?"

"Wezi. Wanaliandika bila c, bila h, bila e ya mwisho. Hata kuiba hawajui."

"Ramani hii nani anaiona?"

"Yeyote. Iko kwenye mtandao."

"Pamoja na majina yao ya kwanza na mitaa wanayokaa."

"Hizo ni habari za wazi, binti. Sheria haikatazi."

"Mimi si binti yako. Nani ameulizia vidoa hivi vyekundu?"

Mzee alifunga kompyuta. "Mwanamume mmoja, mwezi uliopita. Alipiga simu kutoka Buffalo. Lafudhi yake kama ya marehemu. Alitaka kujua huyu Elie wa Louisville anafananaje. Nikamtumia picha."

"Picha umeitoa wapi?"

"Nilimvizia akitoka kazini."

Nafula alimtazama mpaka mzee akaangalia pembeni.

"Kwa hiyo ulimpiga picha mtu, ukaweka mtaa wake hadharani, ukamwita mwizi, kisha ukampa picha yake mtu usiyemjua."

"Mimi sikumgusa."

"Hapana," Nafula alisema. "Hukumgusa."

*

Kumbukumbu za leseni za udereva zilithibitisha ramani. Nchi nzima watu wazima wanaoandika Mikletwait kwa herufi zile walikuwa watatu: Elie, Généreuse wa Columbus, na Balagizi wa Buffalo. Njia ya Buffalo inapita Columbus, kwa hiyo kesho yake Nafula alisimama Columbus kwanza.

Généreuse alikuwa akimhudumia bibi mmoja mgonjwa katika nyumba ya kupanga mtaa wa Linden. Hakuacha kazi kwa sababu polisi amefika. Alimsukuma bibi kwa upole mpaka akalala kwa ubavu, akamkunja goti, akamsogezea kitambaa chini ya shavu. Mikono yake ilikwenda haraka.

"Unamfahamu Elie Mikletwait?"

"Ni kaka yangu, mukubwa. Alikufa."

"Lini?"

"Kitambo. Mu kambi ya bakimbizi, Tanzania. Alikuwa na ugonjwa ya moyo."

"Kuna Elie Mikletwait ameuawa Louisville."

"Haiko wetu."

"Anaandika jina kama nyinyi, herufi kwa herufi."

Hapo Généreuse akainuka. "Juu ya herufi, sikiliza muzuri. Babu ya baba yetu alikuwa fundi ya majiwe, ku misioni ya Baingereza, mu milima juu ya Uvira. Mupasteri alikufa na homa. Bakamuambia babu achonge jina yake ku jiwe ya kaburi. Babu hakujua kusoma. Balimupatia karatasi, mvua ikainyeshea, herufi zingine zikapotea. Akachonga zenye zilibaki. Nyuma, karani ya Babelji anakuja kuandika batu, anamuuliza: jina yako? Babu akamuandikia neno moja tu yenye mukono yake ilijua. Njo ile jina tulibaki nayo. Donc, mutu akiandika ivyo, ni damu yetu. Ao ni mwizi."

"Marehemu alikuwa mwizi?"

"Sikusema ivyo."

"Juzi jioni ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Sasa toka. Unamuamusha huyu mama."

Nafula alitoka. Akashika njia ya kwenda Buffalo. Alikuwa amefukuzwa katika nyumba nyingi, lakini mara chache na mtu aliyejibu kila swali.

*

Polisi wa Buffalo walimchukua Balagizi kiwandani na kumleta chumba cha mahojiano. Alisomewa haki zake, pamoja na haki ya kukaa kimya. Hakukaa kimya. Hata kiti hakuvuta.

"Ni mimi. Nilimuua. Andika."

"Kaa chini, kaka. Kwa nini?"

"Ule haiko Elie. Anaitwa Sipriani. Alikuwa jirani yetu mu kambi, alikuwa anakula kwa mama yetu. Elie alipata dosie ya haraka, zile karatasi za safari, aende Amerika bamutengeneze moyo. Siku banaita jina yake, Elie iko analala ku kliniki, hawezi kusimama. Sipriani akaenda, akaitika. Picha mu dosie ilikuwa ya utoto. Mama alienda kulia ku ofisi. Balimuambia, Elie Mikletwait amesharuka na ndege. Unasikia? Balimuambia mutoto wake iko Amerika, na mutoto iko kitandani anavimba miguu."

"Elie alifariki lini?"

"Mbele ya mwaka kuisha. Mi njo nilikuwa namubeba."

"Ulimpigia Harlan simu."

"Nilitaka kuona uso. Nikaona. Ni Sipriani, amenona."

"Ukaenda Louisville."

"Nilienda."

"Ukampiga na nini?"

"Nyundo."

"Wapi?"

"Mu salon, penye bageni banakaa. Hapa, ku uso."

"Ulikula nini kwake?"

"Kula?" Balagizi alikasirika kweli. "Nikule chakula ya Sipriani? Mi?"

Nafula akaegemea nyuma. Msimamizi wa kiwanda alikuwa ameshamwambia kwamba jioni ile Balagizi alikuwa kwenye mashine yake mpaka mwisho wa shifti.

"Picha ulimwonyesha nani?"

Balagizi aligeukia mlango.

"Balagizi. Ile picha ulimtumia nani?"

"Nilisema ni mimi. Unatafuta nini tena? We mutu mubaya." Alianza kupiga meza kwa ngumi. "Nilisema ni mimi!"

Lakini Nafula alikuwa anaiona mikono ya Généreuse kule Linden: inasukuma, inakunja goti, inatia kitambaa. Alitoka chumbani na kupiga simu Columbus.

*

Alama za vidole vya Généreuse zilikuwa zile zile za kwenye glasi. Polisi wa Columbus walimkamata kazini, baada ya kumngoja amalize kumlisha bibi. Alikataa wakili. Nafula alimsomea haki zake mara ya pili, kwa Kiswahili, akamwambia anaweza kubadilisha mawazo wakati wowote.

"Ndugu yako anasema ni yeye."

"Balagizi ni mupumbavu. Mumuache arudi kazi yake."

"Basi niambie wewe."

Généreuse aliweka mikono mezani. "Nilimupigia simu, namba nilipata kwa batu ya kanisa. Nikasema, ni Généreuse. Akalia. Akaniambia, dada, kuya kwangu. Nilipofika alikuwa amepika."

"Ulikwenda kumuua?"

"Apana. Nilienda aseme. Aseme tu: nilikamata jina ya Elie, Elie akakufa. Aseme mbele ya kanisa, mbele ya serikali, jina irudi kwa mwenyewe."

"Hata kama angefukuzwa nchini?"

"Iyo ni yake."

"Alikataa?"

"Alikubali! Tulikula, bon, nikafikiri mambo imeisha. Nikaona picha ya mutoto ku ukuta. Nikauliza, anaitwa nani? Josiane. Josiane ni mama yetu." Sauti yake ilipanda. "Dosie ilisema mama ya Elie anaitwa Josiane, na yeye anafanya kama alizaliwa naye! Mama yetu alikufa akimulaani, na yeye anamuita mutoto jina yake. Nikamuambia, hii pia utabadilisha. Njo akakasirika. Aliniambia, enda kwako, mi niko na kazi ya gari. Nikamufuata mu gereji. Alikuwa ananipa mugongo, anafungua gurudumu. Akasema..."

Aliondoa mikono mezani.

"Akasema, 'Elie angekufa tu, hata Amerika. Mi nilikalia kiti yenye ingebaki bule.'"

"Ukachukua wenzo."

"Nilikamata ile chuma, ndiyo. Nikamupiga. Nikarudilia."

"Kisha ukamgeuza."

"Mikono ilifanya yenyewe. Kila siku minafanya ivyo kwa bazee. Alikuwa anapumua mubaya. Nikamuwekea taulo, nikakaa chini karibu yake."

"Alikuwa bado hai. Simu ulikuwa nayo. Hukuita ambulensi."

Généreuse alimtazama moja kwa moja. Hakukuwa na woga usoni pake, wala majuto.

"Elie alingoja," alisema. "Na yeye angoje."

Nafula alizima kinasa sauti.

Alipotoka alimpigia Sandrine. Alimweleza yote, taratibu, tangu kambi hadi gereji. Alimwambia kwamba mumewe alikuwa anaitwa Sipriani, na kwamba mwili ungetolewa kesho, kwa hiyo kanisa lingehitaji kujua waandike jina gani kwenye jeneza.

Upande wa pili mtoto alisikika akiuliza kitu kwa Kiingereza.

"Sipriani mi simujue," Sandrine alisema. "Mi niliolewa na Elie Mikletwait. Mutoto wangu ni Mikletwait. Njo tutamuzika ivyo. Na we usinipigie tena."

Akakata.