Joho la Mwalimu Thomasi

"NI JOEL, MWALIMU! KAMWAGA YEYE!"

Jamani... Elinipa! Rafiki niliyelala naye bweni moja, ananiuza mbele ya kwaya nzima!

Chupa niliyotoboa kifuniko bado ilikuwa mkononi. Nilimlenga yeye, akainama. Maji yakampata kiongozi wa kwaya yetu hapa Akheri, Mwalimu Thomasi. Kifuani, pwaa!

Tena wakati mbaya. Alikuwa amevaa joho la poliesta alilolitia rangi shangazi yangu Naisula, na alikuwa anamfokea.

"Niliagiza jeusi, mama! Hili ni kijivu. Ndiyo maana karakana yako iko kule kijiji cha Maji ya Chai, rangi zako nazo ni chai tupu! Kazi nampa mwingine."

Wasomaji wangu, shangazi akiikosa kwaya, anafunga karakana.

Nikasubiri kibao... hakikuja.

"Mwalimu, usisogee!" shangazi akasema. "Jiangalie kifuani."

Palipolowa palikuwa peusi kama lami mpya!

"Rangi imo. Uso wa poliesta unarudisha mwanga mwingi, ndiyo maana unaona kijivu. Maji yameuziba ule mng'ao."

"Kwa hiyo tuimbe tumelowa?"

"Nitayapitisha majoho kwenye silikoni ya kulainishia vitambaa. Inaziba kama maji, ila yenyewe haikauki ikapotea."

Jumapili... ulikuwa weusi haswa! Mwalimu akaingia kwa mwendo wa bwana harusi, akaketi kwenye benchi lililopigwa vanishi juzi...

Swiiip! Akaserereka mpaka sakafuni. Miguu juu!

Kanisa zima likanigeukia MIMI.

"Joel! Umepaka sabuni benchi!" Mwalimu akafoka kutoka sakafuni.

Haki ya Mungu, sikuligusa!

Nikamtazama shangazi. Alikuwa anasokota pindo la kitenge, macho kwenye joho la Mwalimu. Hapo nikaelewa. Silikoni imeleta weusi... na utelezi!

Akisema ukweli, majoho yote yanarudishwa. Akafungua mdomo.

Nikamuwahi. Nikasimama kwa unyenyekevu wa mtu anayepelekwa kusulubiwa.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Nilijua tu!" Elinipa akadakia. Huyu mtu!

Sasa likizo nzima nasugua mabenchi, natoa sabuni ambayo haipo. Shangazi naye, kimya kimya, anashonea kitambaa cha pamba kwenye makalio ya kila joho.

Funzo, ndugu zangu? Ukiwa na sifa mbaya, itunze vizuri. Iko siku itamwokoa shangazi yako.