Barua ya Sanduku 88

"Joan ni nani?"

Verna alilibwaga gazeti mezani, kahawa ikamwagika. Marlys, fundi wa tanuri za kupashia nyumba joto, ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini, hata buti hajavua.

"Na wewe za mchana, mpenzi."

"Usinichezee akili, Marlys! Soma hapo. 'Joan, kituo cha basi cha Duluth, 1961. Fundi wa tanuri hajakusahau. Jibu sanduku 88.' Minneapolis nzima ina wanawake wangapi wanaotengeneza tanuri?"

"Kumbe mnapekua majina ya watu huko gazetini?"

"Nipekue nini? Hilo tangazo nalipanga kwa mikono yangu mwenyewe, wiki ya sita sasa!"

Wivu jamani, ulikuwa haumpi Verna usingizi. Kila Jumanne alijitolea kwenye gazeti lile dogo la wapenzi wa jinsia moja, akipanga matangazo ya kutafuta wenza na kuwapelekea watu majibu yao. Kila barua ilifika ndani ya bahasha mbili, ya ndani imeandikwa namba ya sanduku tu, kwa penseli. Sheria ilikuwa moja: hakuna kufungua. Walimu, wauguzi, hata mchungaji mmoja, wote walitegemea sheria hiyo, maana jina likivuja kazi imekwenda. Na barua ya sanduku 88 ilikuwa kwenye mkoba wa Verna, ameshaifungua, wiki ya tatu hiyo.

"Unampenda?" aliuliza.

"Nilimpenda. Tulikuwa na miaka ishirini na mitatu, tunatoroka. Nikaenda dirishani kukata tiketi. Kurudi, hayupo. Kaka zake walimbeba wakamtia hospitali ya vichaa, eti apone kunipenda."

Verna alivuta kiti akakaa.

"Sitaki kurudiana naye, Verna. Nataka kujua kama yuko hai, basi. Wiki sita, hata jibu moja! Nimeshaanza kumwombea kama marehemu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Nikitaja mwanamke tu unanuna siku tatu. Mpaka muuza mkate umemnunia!"

Angeweza kuichoma barua ile na asijue mtu. Verna aliitoa mkobani, akamsogezea.

Marlys aliisoma kwa sauti.

"'Niko hai. Nahamia pwani kwa dada yangu. Basi langu litasimama Minneapolis Jumamosi tarehe kumi, saa sita mchana mpaka saa saba. Njoo nikuone uso tu. Usipokuja, nitaelewa.'"

Aliigeuza bahasha. Haikuwa na anwani. Akaitazama kalenda ukutani: tarehe kumi na saba.

"Ulijua."

"Nilikwenda," Verna alinong'ona. "Nilitaka kumwona huyo anayeniibia. Mwembamba, mvi kichwa kizima. Kila mlango ulipofunguka, alisimama."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nilikaa nyuma yake mpaka basi likaondoka. Nisamehe, Marlys. Niliogopa kukupoteza."

Marlys aliikunja barua taratibu, akaitia mfukoni, akachukua koti na funguo za gari.

"Miaka kumi na minane nawachukia kaka zake," alisema akiwa mlangoni. "Kumbe mwenzao nalala naye."