Mikono Kumi na Miwili ya Kushoto

Kila alipotoka shule, Sindano alipitia kwenye kibanda cha ushonaji cha baba yake. Jina hilo walimpa wateja, maana alikuwa mwembamba na hakai mahali pamoja. Aliokota pini sakafuni kwa sumaku, akapiga pasi mishono, kisha akashona vifungo huku baba akikanyaga cherehani na kumtania. "Fundi mdogo, hicho kifungo umekishona au umekifunga kamba?"

Siku hizi utani ulikuwa umekauka. Simu ya baba ilikaa kwenye meza ya kukatia, kando ya chaki, na macho yake hayakubanduka hapo. Yote yalianza siku alipomwambia Sindano, kwa mzaha tu, amchagulie timu itakayoshinda, ili aiwekee pesa kwenye simu. Sindano alichagua, timu ikashinda, na baba akamnunulia viatu vipya vya shule. "Mkono wa mtoto huyu una bahati!" alisema. "Lakini mama yako asijue. Hii ni siri yetu."

Lo, bahati gani hiyo? Tangu hapo hakuna timu aliyoichagua iliyoshinda. Kila alasiri baba alisema, "Chagua, mwanangu," na kila mara iliishia kwa baba kushika tama. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza! Darasani Sindano alihesabu vioo vya dirisha: vikiwa shufwa, atachagua timu ya kwanza, vikiwa witiri, ya pili. Mwalimu alipomuuliza jibu la hesabu, alitaja jina la timu. Wenzake waliangua kicheko, naye alitaka kulia. Aliamini kabisa kwamba ni yeye anayempotezea baba pesa.

Alhamisi moja baba alikuwa akikata sare sita za wauguzi wa kituo cha afya. Kitambaa kilikuwa cha bluu, kinang'aa upande mmoja tu. Fundi akikata mikono hukikunja kitambaa, ili apate mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Lakini mechi ilikuwa imebakiza dakika tano, na baba alipanga vitambaa vyote upande wa kung'aa ukiwa juu. Sindano aliona. Angesemaje, na baba ameikodolea simu macho vile? Mkasi ukapita.

"Tumefungwa!" baba akafoka, bila hata kutazama alichokata.

Jumamosi asubuhi nesi mkuu alifika kujaribu sare ya kwanza. Mkono mmoja ulimkaa vizuri. Wa pili ukapinda, ukamvuta bega hadi akasimama upande.

"Fundi, kwani mimi nimezaliwa na mikono miwili ya kushoto?" aliuliza, akicheka.

Baba alipekua furushi. Mikono kumi na miwili, yote ya kushoto! Alimwomba nesi asubiri kidogo, akamvuta Sindano nyuma ya pazia.

"Sina pesa ya kitambaa kingine," alinong'ona. "Lakini ile cherehani yetu ya pili, ya kupiga pindo, imeshapata mnunuzi. Leo kuna mechi kubwa. Nikiweka pesa yote, kila kitu kitarudi. Chagua, mwanangu. Mara ya mwisho."

Cherehani ile! Bila hiyo, kibanda kingekosa nusu ya kazi, na nyumbani wangekosa chakula. Sindano akapiga moyo konde.

"Sichagui!" alipaza sauti. "Sichagui timu tena, baba! Ukiiuza cherehani tutakula nini? Na mama hajui lolote!"

Pazia likafunguliwa. Nesi alisimama pale na sare yake iliyopinda, ila sasa hakuwa akicheka.

"Ni kamari, fundi?"

"Ni mchezo tu, nesi. Naweza kuacha wakati wowote."

"Umeshajaribu?"

Baba aliinamisha kichwa. "Mara nne," alisema.

"Basi huo si mchezo tena," nesi alisema kwa upole. "Wapo watu wazima wanaojiwekea kiwango cha pesa, wakifika hapo wanaacha na maisha yanaendelea. Wewe unamficha mkeo, na unataka kuuza kifaa cha kazi ili ufukuzie ulichopoteza. Huo ni ugonjwa, na una tiba. Kituoni kwetu kuna mshauri kila Jumanne. Hakuna anayechekwa pale." Kisha akamgeukia Sindano. "Nawe umefanya vyema kusema. Siri inayokuumiza mwambie mtu mzima unayemwamini."

Siku ile ile baba alimweleza mama kila kitu. Mama alikasirika, akalia, kisha akasema pesa za kazi atazitunza yeye. Jumanne alimsindikiza baba kituoni. Haikuwa rahisi. Jumamosi zilipofika, baba alizunguka kibandani akigusa hiki na kile, hatulii. Wiki moja aliteleza, akacheza tena. Lakini mara hii hakuficha, na Jumanne akarudi kwa mshauri.

Na ile mikono? Ilikuwa mirefu, kwa hiyo baba aliikata upya, akapata mifupi ya kulia na ya kushoto. Nesi aliikubali. "Mifupi ndiyo inayotufaa," alisema. "Tunanawa mikono kutwa."

Siku ya kumalizia sare, baba aliita, "Sindano, njoo uchague."

Sindano akasogea polepole. Lakini mezani hapakuwa na simu. Palikuwa na vifungo, vyeupe na vya bluu.

"Nisikilize, mwanangu," baba alisema. "Mkono wako haukunipotezea kitu hata siku moja. Aliyebonyeza simu ni mimi. Nilikutwika mzigo wa mtu mzima, nisamehe. Kwenye kamari hakuna mkono wa bahati. Ikimshika mtu, asijifiche kama nilivyojificha mimi. Aombe msaada mapema."

Sindano alichagua vyeupe. Alitunga uzi kwenye sindano mara moja tu, akaanza kushona.

Baba alimchungulia begani. "Fundi mdogo, hicho kifungo umekishona au umekifunga kamba?"