Nafasi ya Aubin Inakufa Leo

Foleni ya Barrière Ndogo, mpaka wa Gisenyi na Goma, ilikuwa imegoma kusogea. Mvua ya asubuhi iliacha matope meusi kila mahali, wanawake wenye mabeseni ya nyanya walisukumana na vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, na kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Masika alikuwa akirudi kutoka benki ya Gisenyi, maana benki za Goma zilifungwa tangu waasi walipouteka mji. Alivaa kikwembe cha kijani chenye maua ya njano, kilichomkaa sawasawa, na uso usiosema lolote. Mbele yake kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka kwenye kola, alikuwa akitikisa karatasi iliyolowa na kuongea peke yake.

“Nimelala Kigali sababu ya hii karatasi! Nafika ambasade kuomba viza, mama wa dirishani anaandika kodi, hizi herufi za hapa juu, anasema haiko. Namna gani haiko? Si hii hapa, naishika!”

Masika alichungulia karatasi ile juu ya bega lake. “Imekufa, kaka.”

“Nini imekufa?”

“Rezervasio. Hiyo haiko tikiti. Kampuni ya ndege wanakushikia kiti kidogo tu. Usipolipa, inajifuta yenyewe. Karatasi inabaki mukononi, kiti kinaenda.”

“Na inaishi muda gani?”

“Kila kampuni na yake. Zingine siku moja, zingine mbili, tatu. Kama safari iko mbali, wanaweza kukuachia hata wiki. Wewe walikupatia lini?”

“Mwezi uliopita.”

“Basi ulienda kuomba viza na maiti.”

Kijana aligeuka mzimamzima, akamtazama kutoka kilemba hadi viatu. Kisha akaangua kicheko mpaka mama wa nyanya naye akacheka bila kujua kisa. Masika hakucheka.

“Dada, mutu anasema maneno kama hayo bila hata kutabasamu?”

“Mi sichekake.”

“Basi mi nitakuchekesha. Naitwa Aubin. Na wewe utanionyesha kwenye wanauza rezervasio yenye kupumua.”

Akamwonyesha. Hakuwa na sababu ya kukataa, kwani ofisi ilikuwa hapo hapo Birere, mtaa wa mpakani, na aliyekuwa akizitengeneza hizo rezervasio ni yeye mwenyewe.

Ilikuwa ofisi ya chumba kimoja, ya Mama Victoire, mjane mnene mwenye sauti ya soko. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe, kila mwenye safari alipitia Kigali, na kila mwenye kuomba viza alihitaji nafasi ya kwenda na kurudi ambayo ubalozi ungeiona hai siku watakapoitafuta. Hata maofisa wa mipakani huko mbele wana mtindo wa kuuliza: ya kurudi iko wapi? Masika alizitengeneza, zikafa, akazitengeneza tena. Kazi ilimfaa. Kaka yake Kambere aliuawa na risasi iliyopotea siku zile mji ulipotekwa, mwezi wa kwanza, naye akamzika bila chozi. Ndugu walisema amejikaza. Hakuwa amejikaza, alikuwa amekufa ganzi, na tangu hapo chakula, mvua na salamu za watu vilimpita vivyo hivyo.

Aubin alikuwa fundi wa mashine za oksijeni. Familia yake ilitoka upande wa Bukavu, yeye akiishi kwa shangazi yake Majengo, mbali na Birere. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma Ubelgiji mwaka mmoja. Safari hii aliipeleka faili na rezervasio hai, ubalozi ukaipokea na kumwambia angoje.

“Sasa wanaweza kuangalia kodi siku yoyote,” Masika alimweleza. “Ikikufa, unakuja tunafanya ingine.”

“Hata kila siku?”

“Hata kila siku.”

“Aksanti Mungu,” alisema Aubin, akavuta kiti.

Basi akawa anakuja. Leo na sambaza, samaki wadogo wa kukaanga, kwenye karatasi, kesho na maparachichi kutoka Rutshuru, kesho kutwa mikono mitupu na maneno tele. Alitembea toka Majengo kwa miguu, viatu vyake vilivyong’arishwa vikifika vyeusi kwa vumbi.

“Leo umependeza, sheri wangu. Hicho kikwembe kinanipigia kelele.”

“Hakina mudomo.”

“Kinao. Kinasema, Aubin, kaa kidogo.”

“Keti, basi. Mutambo wa rezervasio uko polepole leo.”

Mama Victoire alikuwa akikohoa nyuma ya kaunta. Masika naye aligundua jambo dogo: sambaza zilikuwa na chumvi. Alikuwa amekula miezi mingi bila kujua chakula kina chumvi au hakina. Jambo hilo lilimtisha. Akaanza kuogopa kitu kimoja, nacho akakiogopa kwelikweli: kwamba siku Aubin atakapopanda ndege, atamwangalia akiondoka kama alivyoangalia jeneza la Kambere, asisikie chochote, naye Aubin aende akijua alipendana na jiwe.

Siku moja akamwona akiingia amelowa chapachapa, anatetemeka, bado anatania. Masika akaendelea na kazi. Ila kuanzia kesho yake alifika ofisini kabla ya wengine, akafungua mtambo, akaitazama nafasi ya Aubin, na kama imekufa au inakata roho akamshikia nyingine na kumtumia kwa simu. Asitembee. Asilowe. Ndiyo ilikuwa njia pekee aliyoijua ya kusema anachokisema mtu mwingine kwa mdomo.

Aubin hakuja siku hiyo. Wala iliyofuata. Masika alimtumia nyingine, akajibiwa “aksanti” tupu. Mwishowe simu ikalia.

“Masika, juu ya nini unanifanyia hivi?”

“Nimefanya nini?”

“Kila asubuhi naamuka, nakuta karatasi ya kuondoka. Bado sijanawa uso, unanituma Bruxelles! Kama umenichoka, sema. Usinifukuze na ndege.”

“Si ulitaka rezervasio yenye kupumua?”

“Hiyo tu? Uko na hilo tu la kuniambia?”

Masika alifungua kinywa. Maneno yalikuwapo, lakini yaliyotoka ni mengine. “Kodi mupya iko mwishoni mwa mesaji,” alisema.

Simu ikakatwa. Alikaa akiitazama. Alijua kwamba ilimpasa kulia, akangoja, machozi hayakuja. Asubuhi yake akafungua mtambo, akamshikia nafasi nyingine.

“Wewe binti utanifungisha duka,” alifoka Mama Victoire, maana kampuni ya ndege ilikuwa imeandika onyo. “Mutu moja, nafasi kila mara, halipi! Siku moja watatukatia sistemu. Huyo kijana amekupatia nini?”

“Sambaza.”

Mama Victoire akaguna, akarudi kwenye hesabu zake. Hakulitaja onyo lile tena.

Wiki ziliyoyoma. Jumamosi moja ofisi imejaa watu, Aubin akasimama mlangoni. Shati jeupe lile lile, lakini uso umepungua. Aliweka pasi yake ya kusafiri juu ya kaunta, ndani yake viza imebandikwa.

“Wamenipatia,” alisema. Hakuonekana mtu aliyepewa kitu.

Masika alifungua mtambo. Nafasi aliyoishika juzi ilikuwa bado hai. “Inakufa leo jioni,” alisema. “Na sasa siwezi kushika ingine, kampuni wamekataa. Unalipa ama inaenda.”

“Niiache ife?”

Wateja wakasogea karibu kusikiliza. Masika aliona kwamba akisema “ni juu yako”, mambo yote yatakwisha hapo, kwa adabu nzuri.

“Nilikuwa nazituma ili usitembee,” alisema. “Ulikuwa unalowa. Sikukufukuza, Aubin.”

“Mimi nilikuwa natembea ili nikuone! Rezervasio ilinihusu nini?” Akashika kaunta kwa mikono miwili. “Ningejua ni hivyo, ningelowa mpaka leo. Sema tu nibaki, nabaki.”

“Hapana. Soma, zile mashine zitakufa kama hakuna mutu wa kuzitengeneza. Lakini tarehe ya kurudi, mimi niliiandikaka ya uongo, ya kufurahisha ambasade. Nipe ya kweli.”

“Siku ya mwisho wa mitihani. Hata usiku moja zaidi sitalala huko.”

Akaiandika. Aubin akalipa, na mara hii kilichotoka kwenye mashine kilikuwa tikiti.

“Sasa nipe namba ya papa yako,” alisema Aubin.

Baba yake Masika alikuwa Butembo, ng’ambo ya mstari wa vita. Barabara ilikuwa haipitiki, si kwa posa wala kwa mbuzi wa mahari. Mama Victoire alipiga kofi moja kaunta, akawaamuru wateja wote wanyamaze. Masika akapiga mwenyewe, akaeleza kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anasoma safari ya mtu: huyu ni nani, familia yake ya wapi, anaenda wapi, anarudi lini, anataka nini.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Mtandao ulikwaruza.

“Anaondoka mwaka muzima,” alisema hatimaye. “Na hiyo inakuuma, mama?”

Masika alitaka kujibu kwamba hajui. Akamtazama Aubin, tikiti mkononi, viatu vimejaa vumbi, na kitu kikamkamata chini ya kifua kwa nguvu, kikapanda mpaka machoni. Akashika ukingo wa meza.

“Inaniuma, papa. Inaniuma sana.”

“Basi ndiyo hiyo nilitaka kusikia,” alisema mzee. “Nipatie huyo kijana.”