Kwa Hiyo Mimi Ni Jino?

"Simamisha gari."

"Mwalimu, nisikilize kwanza..."

"Nimesema simamisha gari!"

Hakusimamisha, kwa hiyo mwalimu akakanyaga breki mwenyewe. Gari la shule ya udereva lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na ile ya mwalimu haiombi ruhusa. Gari likasimama ghafla mbele ya lango la uwanja wa kriketi. Gauni jeupe lililokuwa limetundikwa nyuma likachomoka kwenye ndoano yake, na yule mwanaume kwenye usukani akarusha mkono nyuma bila hata kugeuza shingo, akalidaka kabla halijagusa chini.

Hapo ndipo hasira zilipompanda mwalimu kweli.

"Gauni umelidaka," alisema. "Na mimi je?"

"Mpenzi, si mimi. Ni kocha. Amekataa kunipa ruhusa."

"Leo? Saa tano tunaandikisha ndoa, mama yako yuko njiani, na wewe unaniambia saa tatu?"

"Ameniambia jana jioni. Nilikosa pa kuanzia."

"Ukaona uanzie langoni."

Mwanaume alilitundika gauni tena kwenye ndoano. Watu wote walimwita Glavu, hata wale waliosahau kwamba ana jina. Katika kriketi kuna mtu mmoja anayechuchumaa nyuma ya vijiti vitatu tangu asubuhi mpaka jioni, mikono ndani ya glavu nene, akingoja mpira umpite mpigaji ili audake. Kazi hiyo ndiyo aliyokuwa akiifanya kwenye ligi ya nyumbani kwa miaka kumi na moja, na hakuna aliyeifanya vizuri kama yeye. Tatizo ni kwamba hakujua kingine. Ilipofika zamu yake ya kupiga, watazamaji walikwenda kununua soda, na mara nyingi walirudi wakakuta ameshatolewa.

Mwanamke alikuwa mwalimu wa udereva. Kutwa nzima aliwaambia watu wazima watazame kioo, washe taa, wasiogope lori. Walikutana Glavu alipokuja kujifunza. Somo la kwanza kabisa alifunga breki kama anayeua nyoka, kikombe cha chai cha mwalimu kikaruka kutoka juu ya dashibodi, naye akakidaka hewani bila tone kumwagika. Mwalimu alijua palepale kwamba amekwisha. Aliwahi kuona wanaume wanaoahidi mengi, lakini hakuwahi kumwona anayedaka chai.

Sasa ilikuwa mara ya tatu harusi inaahirishwa. Ya kwanza, kocha alikataa kwa sababu ya nusu fainali. Ya pili, kocha alikataa kwa sababu mvua ilisogeza mechi.

"Tutapanga siku nyingine," Glavu alisema, akichukua begi lake. "Nakuahidi."

"Siku nyingine ipi? Ya kiyama?"

"Msimu ukiisha."

"Msimu wako hauishi. Unabadilisha jezi tu. Shuka."

Akashuka. Akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda zake kwenye vyumba vya wachezaji, begi begani, magoti yakiwa yamepinda hata akitembea.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake Glavu.

"Mkwe wangu, mko wapi? Mimi niko hapa kwa msajili wa ndoa, mlinzi amenifungulia akiwa bado anapiga mswaki. Hivi viatu vinaniua, lakini nimeapa sivivui mpaka muweke sahihi."

"Mama, mwanao anasema kocha amemnyima ruhusa."

"Tena?"

"Tena."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu.

"Huyo kocha ana mama?"

"Sijui, mama."

"Kamuulize. Kama hana, mwambie leo amempata. Mimi mtoto huyu nilimzaa amechuchumaa, nikajua mapema kwamba kuna kazi. Lakini harusi tatu! Nenda kamuombe huyo mtu, mwanangu. Mwombe kwa heshima. Akikataa, nipe niongee naye."

Mwalimu alihamia kwenye usukani, akaliegesha gari ndani ya lango vizuri kati ya mistari, maana hata hasira ina taratibu zake, akaingia uwanjani.

Kocha alikuwa pembeni ya nyasi na ndoo ya mipira, mtu mnene wa kofia pana. Alipomwona alifungua mikono.

"Shemeji! Karibu. Wanafunzi wako wamekuachia leo?"

"Wanafunzi gani?"

"Si wana mtihani? Ndiyo maana mmeahirisha."

Mwalimu alimsogelea.

"Kocha, nimekuja kukuomba umpe ruhusa. Ameniambia umemkatalia."

"Mimi?" Kocha aliiweka ndoo chini. "Shemeji, mimi huyu nimemwambia nenda kaoe mpaka nimechoka. Jana nimemwambia tena, akasema wewe ndiye umeahirisha. Mara ile ya nusu fainali akasema umepata safari. Ya mvua akasema gauni halijaisha. Mpaka nikamwambia mke wangu nyumbani, huyu mwalimu ana roho ngumu, anamchezea kaka wa watu."

"Mara zote tatu?"

"Zote."

Mwalimu hakupiga kelele. Alitoa simu akaandika: *Nimeongea na kocha.*

Ng'ambo ya uwanja, Glavu alikuwa amekaa kwenye benchi akifunga miguuni pedi, zile ngao nene za kukinga mpira. Akaitoa simu kwenye begi. Jibu likaja.

*Kocha gani?*

"Ananiuliza kocha gani," mwalimu alisema.

"Mna wengine?" kocha aliuliza.

Akaandika: *Huyu wa kofia, aliyesimama pembeni yangu, anayekutazama sasa hivi.*

Glavu akanyanyua kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyeparamia ukingo wa barabara mbele ya mkaguzi.

Walimfuata pale benchini. Pembeni yake alikuwa amekaa mdaka mipira wa akiba, mmoja mwenye mabega kama mlango, aliyeitwa Rungu kwa jinsi alivyokuwa akiupiga mpira. Alipoona sura ya mwalimu alianza kukusanya vitu vyake.

"Shemeji, mimi naomba nisihusishwe."

"Kaa hapo," mwalimu alimwambia. Rungu akakaa. "Wewe, anza kuongea. Na usiniite mpenzi."

"Mwalimu..."

"Na hilo usiniite."

Glavu alitazama glavu zake mapajani. Alizungumza kama anayeziambia zenyewe.

"Ukitaka kujua nilizipataje hizi, muulize kocha. Yeye ndiye alikuwa anadaka, mimi nilikuwa mtu wa akiba. Siku moja jino likamuuma. Akaenda kuling'oa. Siku moja tu! Nikavaa glavu mimi. Nikadaka vizuri. Mechi iliyofuata wakanipanga tena. Hakuzipata tena mpaka leo."

"Ni kweli," kocha alisema.

"Mpigaji akikosa mechi moja, anarudi, nafasi ziko nyingi. Mdakaji ni mmoja. Ukitoka, mwenzio akidaka vizuri, basi. Na huyu hapa," alimnyooshea Rungu kidevu, "anadaka na anapiga. Siku hizi kila timu inataka anayefanya vyote viwili. Mimi nikimpa siku moja, nimeisha."

Mwalimu alikunja mikono kifuani.

"Kwa hiyo mimi ni jino?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo. Mtu alikwenda kung'oa jino akapoteza kazi, na wewe ukienda kunioa utapoteza kazi. Mimi ndiyo jino. Tena bovu, la kuvumiliwa mpaka msimu uishe."

Rungu alikohoa. Huenda alikuwa anacheka.

"Toa mkono," mwalimu alisema.

"Wa nini?"

"Wa kushoto. Toa."

Alisita, kisha akautoa. Kidole cha pete kilikuwa kimefungwa plasta kutoka kwenye kiungo mpaka kwenye ukucha, kimevimba, kimepinda pembeni kama mswaki wa zamani.

"Hiki tena kimevunjika lini?"

"Hakijavunjika. Kimeteguka tu."

"Pete tumepima mwezi uliopita. Itapita wapi hapa?"

"Kitashuka."

"Kila kitu chako kitashuka, kitaisha, kitapangwa." Sauti yake ilianza kukwaruza, naye akachukia kwamba inakwaruza. "Ungeniambia tu unapenda mpira kuliko mimi. Hilo ningelimeza, hata mama yako nampenda kuliko wewe. Ulichofanya ni kunidanganya mimi kwamba ni kocha, na kumdanganya kocha kwamba ni mimi, ukakaa katikati umechuchumaa, unatudaka sote wawili."

Hakuna aliyecheka hapo.

"Naomba nami niseme," kocha alisema. "Hiyo hadithi ya jino anaisimulia kila mwaka na kila mwaka haimalizi. Jino lile, shemeji, lilikuwa linaniua. Nilikuwa nadaka huku naona nyota. Siku ile muuguzi alinishika kichwa mikono miwili daktari akivuta. Akaniambia, kaka, lia tu, hakuna anayekujua hapa. Nikalia. Huyo muuguzi ndiye mke wangu." Akamgeukia Glavu. "Unakula kwangu kila Jumapili. Unadhani nilimwokota wapi?"

"Sikujua hilo."

"Hukuuliza. Ulikuwa unaogopa kuuliza, ukidhani nina kinyongo. Nilikuwa nacho. Mwaka mzima. Kisha kikaisha, nikawa nina mtoto wa kunikosesha usingizi."

"Kwa hiyo nikienda leo, nafasi yangu utanitunzia?"

"Hapana," kocha alisema. "Sikudanganyi, wewe ndiye fundi wa hilo. Ukienda, Rungu anacheza. Akicheza vizuri, anaendelea kucheza. Kabla sarafu ya kuanzisha mechi haijarushwa naweza kubadilisha jina kwenye orodha. Ikishatua, siwezi."

Katikati ya uwanja mwamuzi alikuwa ameshasimama, akiwaita manahodha kwa mkono.

Glavu alimtazama mwalimu. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini bado mikono yake ilikuwa imeshikilia zile glavu.

"Nikizivua hizi," alisema polepole, "mimi ni nani?"

"Sijui. Hujawahi kuzivua nikuone."

"Nisaidie basi. Nifanye nini?"

Hilo ndilo lililommaliza mwalimu. Kazini alisaidia watu kutwa, aliwashikia usukani, aliwakanyagia breki. Hakukusudia kuolewa ili aendelee na kazi hiyohiyo nyumbani.

"Sikusaidii. Ukija kwa sababu kocha amekusukuma, sikutaki. Ukija kwa sababu mama yako viatu vinambana, sikutaki. Mimi nakwenda kwenye gari. Nitaliwasha. Likiwa limewaka silizimi kwa ajili ya mtu, na nikitoka kwenye lile lango, leo sio ahirisho. Ni mwisho. Kocha, asante. Rungu, kila la heri."

Akaondoka. Alitembea kwenye nyasi bila kugeuka. Viatu vyake vya harusi vilizama udongoni kila hatua, naye akavichomoa kila hatua kwa hasira mpya. Alifika kwenye gari akalipanga gauni upya kwenye ndoano, akakaa tena upande wa usukani, akafunga mkanda. Akatazama kioo, maana mazoea ni mazoea. Kioo kilionyesha lango tu.

Akawasha gari.

Simu ikaita.

"Mkwe wangu?"

"Nakuja, mama."

"Mnakuja?"

"Nakuja," alirudia, na sauti ikakatika hapo.

"Mwanangu. Unalia?"

Alikuwa ameanza kurudi nyuma mlango wa pili ulipofunguliwa. Glavu aliingia kinyumenyume, akihangaika, pedi kubwa nyeupe bado zimefungwa miguuni, kama meza iliyolazimishwa kupita dirishani. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu, upande wa breki ya pili. Mikono yake ilikuwa mitupu. Ilionekana midogo.

"Glavu ziko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Kwa Rungu."

"Umemwazima?"

"Nimempa. Nimemwambia ya kushoto ina mshono uliofumuka, autazame kabla hajaivaa." Alifuta uso kwa kiwiko. "Hakuna aliyenisukuma. Kocha ameniambia bado nina dakika ya kufikiri, nikamwambia nimefikiri miaka kumi na moja. Nilikudanganya. Nilimdanganya na yeye. Sina la kujitetea."

"Na ukikosa namba kwenye timu?"

"Nitanuna. Nitanuna sana, nakwambia mapema. Lakini nitanunia nyumbani kwetu."

Mwalimu alimtazama. Alitaka kuendelea kukasirika na bado alikuwa na akiba ya kutosha. Aliona ataitumia baadaye, wana maisha mazima.

"Nani huyo anaongea hapo?" simu iliuliza mapajani mwake. "Ni yeye?"

"Ni yeye, mama. Ulizia hapo kama wana sabuni."

"Sabuni ya nini?"

"Ya kidole, ili pete ipite."

"Nitawauliza. Njooni upesi, nilishavua kiatu kimoja."

Akamaliza kuligeuza gari kuelekea langoni, akaingiza gia, akaachia klachi. Gari likasogea kidogo, likagota. Akajaribu tena. Likagota tena.

"Nini hii?"

Glavu alikuwa ametazama nyuma, kupitia kioo, kule katikati ya uwanja. Manahodha wawili walikuwa wamesimama, na sarafu ilikuwa hewani inang'aa. Mguu wake, pedi na yote, ulikuwa umekanyaga breki ya mwalimu.

"Ni pedi," alisema.

"Si pedi. Ondoa mguu."

Sarafu ikatua. Mtu akainama kuiokota. Glavu akageuka, akatazama mbele, akaondoa mguu.

Gari likapita langoni.