Ukurasa wa Dancille

Kila asubuhi Mahoro na dada yake Nishimwe walikamua ng'ombe, wakasali, kisha Mahoro akaenda shule. Lakini Jumamosi hiyo Babu Sebagabo alimwita.

"Macho yangu imechoka. Twende parokia, unisomee ndoa za wazee. Padri anazitaka mbele ya arusi ya dada yako."

Nishimwe alikuwa ameposwa na Jean-Luc wa Kashebere, na ng'ombe wa mahari walikuwa wameshachaguliwa. Ukoo wa kina Nishimwe, hapo Masisi, nao ulikuwa umechunguzwa, ili ndugu wasioane. Babu alitaja baba, na baba wa baba, mpaka mwisho. Wanawake hawakutajwa kabisa.

Parokiani, katekista aliwawekea kitabu kikuukuu cha ndoa.

"Rukundo na Mukantabana," Mahoro alisoma.

"Hao njo wazazi wangu!" Babu alifurahi.

Mahoro alifunua kurasa za nyuma. Mara akaweka kidole juu ya jina moja. "Babu, Rukundo iko na ndoa ingine, ya kwanza. Na Dancille wa Mpofi."

"Haiwezekani!"

"Jina la baba ya Rukundo ni lile lile. Na Dancille wa Mpofi si njo jina muzee Byamungu, babu ya Jean-Luc, alituambia ni la mama yake?"

Babu alishika meza kwa mikono miwili. Basi Byamungu ni ndugu yake, mtoto wa Rukundo! Nishimwe na Jean-Luc ni damu moja, na damu moja haioani.

"Funga kitabu," alinong'ona. "Hatukuona kitu."

Mahoro alikifunga kwa shingo upande. Babu huyu ndiye aliyemfundisha Amri za Mungu.

Jumapili wakwe walifika. Babu alianza tena kutaja wazee. Mahoro, aliyekuwa akigawa maziwa, aliomba kimoyomoyo: Bwana, nipe nguvu.

"Babu, na Dancille?"

Wakwe waligeuka kumtazama.

"Mahoro, una wazimu?" Nishimwe alifoka. "Unataka kuniharibia arusi?"

Kwa machozi, Mahoro alieleza alichokisoma. Nishimwe alifunika uso kwa kitenge. Jean-Luc alimgeukia babu yake.

Mzee Byamungu alisimama akiegemea fimbo. "Rukundo mwenye kovu kwenye kidevu?"

"Njo yeye," Babu alijibu kwa shida.

"Yesu wangu! Mama aliolewa naye akiwa mujane. Mimi nilikuwa mutoto wa mgongoni. Baba yangu wa damu alikufa Mpofi. Rukundo alinilea. Hawakuzaa pamoja. Mama alipokufa, wajomba walinirudisha Mpofi, na sikumuona tena."

Nishimwe alilia kwa sauti, safari hii kwa furaha. Kesho yake padri alikuta katika kitabu cha ubatizo jina la baba mzazi wa Byamungu, akaruhusu ndoa.

Lakini Jumapili ile Byamungu hakuuliza habari za arusi. "Baba yule aliyenilea alizikwa wapi?"

Babu alimshika mkono, akampeleka kaburini. Wazee wawili walipiga magoti pamoja. Waliporudi, Babu alimwita Mahoro mbele ya wote.

"Mimi muntu muzima niliogopa, wewe mutoto ukasema. Tungeficha, siku moja watu wangelijua nusu ya habari, na hiyo nusu ingevunja nyumba ya dada yako. Mjukuu wangu, ukweli unaweza kutushtua, lakini tusiukimbie. Usemwe wote, mpaka mwisho."